Hakutia Ngoma

Juzi nikiwa jikoni nilimsikia mtangazaji wa redio akidai kwamba miaka ya tisini hapa London hapakuwa na mwanamke chotara aliyetunga muziki wa okestra. Hapakuwa! Niliizima redio kwa hasira. Alikuwepo, rafiki yangu. Aliishi Ilford, mlango wa pili kutoka kwetu, na kila Jumamosi vitumbua vyake viliungua kwa sababu akili ilikuwa kwenye piano.

Tulimwita Mwalimu. Mama yake alitoka Tanga, baba yake alikuwa Mwingereza. Nikiwa mtoto nilitumwa kwake na bakuli la maharage ya nazi, nikabaki sakafuni nikisikiliza mpaka mama aliporudi kutoka kazini, alikokuwa akitunza wazee.

Kazi yake kubwa ilikuwa utungo wa okestra ya vyombo vya nyuzi, wa sauti nne. Hakuwahi kuusikia ukipigwa. Mkuu wa okestra moja alikuja akausifu, akasema wataupiga iwapo atatia ngoma kidogo, ili watu wajue asili yake ya Kiafrika.

"Mama yangu alikuwa fundi cherehani, ngoma hakuwahi kupiga," Mwalimu akamjibu, akafunga piano. Yule bwana hakurudi tena.

Mama yangu aliimba kwaya ya Kiswahili katika ukumbi wa kukodi. Alipopata habari akamwambia, "Dada, fidla hatuna, midomo tunayo. Tuandikie do-re-mi." Maana kwaya za kwetu hujifunza hivyo, kwa herufi za do-re-mi, kila sauti na mstari wake. Mwalimu akauandika upya wote, sauti nne, nyuma ya karatasi za ukutani, tukazibandika ukumbini. Kila Jumapili baada ya ibada wanakwaya, wafagizi na watunza wazee, walibaki kufanya mazoezi, harufu ya sambusa ikitutesa.

"Mum, there's no words!" nililalamika, maana wimbo haukuwa na maneno.

"Shika sauti ya pili, wewe. Acha story."

Siku tuliyouimba wote, Mwalimu alikaa nyuma kwenye kiti cha plastiki, macho kayafumba, machozi yanamtoka. Tulipomaliza tukangoja sifa.

"Besi mmewahi kuingia," akasema. "Rudieni."

Tukarudia.

Mwalimu amekwisha kufa. Ukumbi umevunjwa, zile karatasi sijui ziliishia wapi, na hakuna okestra iliyowahi kuupiga utungo wake. Inaniuma sana. Lakini sauti ya pili ninayo yote, na hakuna redio itakayonipokonya. Juzi, redio nikiwa nimeizima, nikaanza kuimba palepale jikoni, mikono ina povu la vyombo. Binti yangu akachungulia mlangoni.

"Mum, where's the words?"

"Hauna maneno," nikamwambia. "Njoo, shika sauti ya kwanza."