Kilometa Ishirini na Nne kwa Lita

Mwalimu Amedeus alipostaafu, mkewe Brigita aliuza shamba lake la Lusewa, alilorithi kwa shangazi yake, ili fedha zake ziongezwe kwenye kiinua mgongo cha mumewe na gari linunuliwe. Alitoa sharti moja tu, tena alilitoa mbele ya binti yao Noela aliyekuja likizo: kila Jumamosi apelekwe Madaba kumwona mama yake, Bibi Kunegunda, ambaye macho yake yalikuwa yanafifia na aliyeishi peke yake.

"Kila Jumamosi, Mama Noela," Mwalimu alikubali. "Hata na Jumapili ukitaka. Gari hili halinywi mafuta, linaonja tu."

Lilikuwa gari dogo la haibridi, linalotumia petroli na betri kwa pamoja, na lilikuwa limetembea miaka kadhaa huko Japani kabla ya kufika kwao Mfaranyaki, mjini Songea. Kitabu chake chote cha maelekezo kiliandikwa kwa Kijapani. Kwa kuwa hakuweza kukisoma, Mwalimu aliuliza. Aliuliza kwenye kituo cha mafuta, aliuliza nje ya kanisa baada ya misa, aliuliza hata madereva wa malori ambao hawakuwahi kuona gari la namna hiyo. Matairi yajazwe upepo kiasi gani ili mafuta yapungue? Keria ya juu inaongeza ulaji? Ni kweli kwamba kushuka mlima kunachaji betri? Alikuwa amefundisha hesabu kwa miaka thelathini na mitatu na hakuzoea kuwa mtu asiyejua. Kwa hiyo, jibu lililompendeza ndilo alilolishika.

Siku moja aliingia katika duka la vifaa vya magari la Zulfa.

"Nataka mapambo ya ndani, lakini yasiwe mazito. Uzito unakula mafuta."

"Mwalimu, kava la kiti lina uzito gani?" Zulfa alimjibu. "Ukiacha ugali wa usiku tu, utakuwa umepunguza zaidi."

Wateja wakacheka. Mwalimu naye alicheka kidogo, kwa adabu.

"Haya ya ngozi yameshonwa kwa vipimo vya gari lako," Zulfa aliendelea. "Ona, hapa pembeni pa kiti cha nyuma wameacha uwazi."

"Uwazi wa nini?"

"Sijui, Mwalimu. Ndivyo yanavyokuja."

"Kitambaa kiliwaishia," alisema, akatoka bila kununua.

Nyumbani kwao hapakuwa na kochi lisilovishwa kitambaa cha kufuma. Redio ilivishwa, meza ilivishwa, hata mtungi wa maji ya kunywa ulikuwa na kofia yake ya uzi. Mwalimu alisema kiti kitupu kilimfanya aone aibu, kama vile mgeni amemkuta bafuni. Akamwagiza Brigita afume makava ya viti vyote, ayatie sponji kwa ndani, na yale ya nyuma yashuke hadi sakafuni. Brigita alifuma kwa wiki tano. Siku ya kuyavisha aliona kidirisha cha plastiki chenye matundu madogo pembeni mwa kiti cha nyuma, karibu na mlango.

"Baba Noela, hiki nikiache wazi?"

"Funika. Kitaingiza vumbi."

Miezi miwili ya mwanzo ilikuwa mizuri. Dashibodi ilionyesha kilometa ishirini na nne kwa lita, na Mwalimu aliitaja namba hiyo kwa majirani jinsi wengine wanavyotaja cheo cha mtoto wao. Kila Jumamosi Bibi Kunegunda alisikia mlango wa gari ukifungwa, akatoka nje akipapasa ukuta.

Kisha namba ikaanza kushuka. Ikawa kumi na tisa, halafu kumi na sita. Mwalimu aliwalaumu wauza mafuta, akalaumu matairi, mwishowe akalaumu mizigo. Brigita akakatazwa kubeba unga wa mama yake, debe moja tu la unga. Halafu kiyoyozi kikazimwa, kwa sababu mtu mmoja alisema kinakula petroli. Vioo navyo vikafungwa, kwa sababu mtu mwingine alisema upepo unalirudisha gari nyuma. Mwezi wa kumi, jua la Songea likiwa kali kabisa, walisafiri kama mikate ndani ya tanuri, Brigita akijifuta jasho kwa upindo wa khanga.

"Tutakuwa tunakwenda kila baada ya wiki mbili," Mwalimu alisema siku moja. "Tulisome gari kwanza."

Wiki mbili zikawa mwezi. Brigita alimpigia mama yake simu, na mama yake alimuuliza swali lilelile kila mara: "Basi Jumamosi hii?"

Katika kukaa huko nyumbani, Brigita alikifungua kile kitabu cha Kijapani. Hakuelewa hata herufi moja, lakini palikuwa na picha. Mojawapo ilionyesha kile kidirisha chenye matundu, kikiwa kimefunikwa na kitambaa, na juu yake pamepigwa alama kubwa ya X, ya kukataza. Alimpelekea mumewe.

"Umeanza lini kusoma Kijapani?" Mwalimu alimuuliza.

"Sisomi. Naona picha."

"Hata watoto wa darasa la kwanza wanaona picha, Mama Noela. Rudisha kitabu mahali pake."

Jumamosi iliyofuata jirani wa Bibi Kunegunda alipiga simu. Bibi alikuwa ameanguka jikoni na kuungua mkono. Waliondoka asubuhi hiyohiyo, vioo vimefungwa. Walipopita Gumbiro na kuanza kupanda, taa nyekundu ya pembetatu iliwaka kwenye dashibodi, gari likapoteza nguvu, likasimama. Brigita alishuka, akasimamisha lori la mahindi lililokuwa likielekea Njombe, lakini Mwalimu alimshika mkono. Hakutaka kubaki peke yake na gari barabarani. Lori likaondoka. Ilifika jioni ndipo walipopata gari la kuwavuta, nalo liliwavuta kurudi Songea.

Fundi Chande aliliangalia gari kesho yake, majirani wakiwa wamesimama kando. Alivua kava la nyuma, akafungua kile kidirisha, akatoa donge la nyuzi na vumbi lenye ukubwa wa ngumi.

"Mwalimu, shikamoo tena," alisema polepole. "Hapa ndipo betri inapovutia hewa. Inavuta hewa ya humu mnamokaa. Ninyi mmeiziba pua, mkazima na kiyoyozi. Imepikwa, wallahi. Injini imefanya kazi ya wawili, ndiyo maana ilikunywa."

"Itatengenezeka?"

"Betri nyingine. Na bei yake, Mwalimu, tuiongelee ukishakaa."

Halafu Mwalimu aliwageukia majirani, akatabasamu.

"Mnaona? Wanawake na mapambo yao."

Wengine walicheka. Brigita alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo, na aliyasikia maneno hayo vizuri. Aliingia ndani, akakunja nguo zake, na siku hiyohiyo akapanda basi la kwenda Madaba.

Mwalimu aliwaambia watu kwamba mkewe amekwenda kumuuguza mkwe, kwa muda. Alisubiri wiki baada ya wiki. Alipopiga simu, Brigita alimjibu kwa heshima, akamweleza hali ya mkono wa mama na hali ya mvua tu. Karibu na Krismasi Mwalimu alipanda basi kumfuata, akiwa na kilo mbili za sukari na maneno aliyoyapanga njia nzima.

Aliwakuta wanapanda mahindi nyuma ya nyumba. Bibi Kunegunda, mkono ukiwa bado umefungwa kitambaa, alikaa kwenye kigoda akichambua mbegu kwa vidole. Alisikia hatua, akainua uso.

"Nani huyo, mwanangu?"

Mwalimu alifungua mdomo, lakini Brigita alimtangulia.

"Ni mgeni, mama. Ametoka Songea. Hakai sana."

"Mpe maji ya kunywa," bibi alisema. "Jua ni kali."

Brigita alimletea maji. Mwalimu aliyapokea kwa mikono miwili, akayanywa yote akiwa amesimama.