Mshika Kalamu wa Wawili na Nusu

Siki ikimwagwa juu ya chipsi za moto hutoa harufu inayopanda puani na kukaa nyuma ya macho. Juma lililopita mgeni mmoja Mwingereza alikaa kwenye baraza ya nyumba yangu ya wageni, hapa Mji Mkongwe, akaomba siki. Wapishi wangu wakatazamana. Chipsi kwa ndimu wanazijua, kwa ukwaju wanazijua, lakini siki kwao ni ya achari. Nikaingia jikoni mwenyewe, nikaitafuta chupa, nikamimina. Mvuke ukapanda. Baada ya hapo sikuweza kutulia. Nilizunguka ua mara tatu, nikapanga upya viti vilivyokuwa vimeshapangwa, nikamwita fundi aje atazame bomba lisilovuja.

Niseme mapema, msije mkadhani mimi ni mtu wa kuyumbishwa na chipsi. Nyumba hii ya vyumba sita nimeisimamisha mwenyewe, sikurithi hata tofali. Diploma yangu ya uendeshaji wa hoteli niliipata London huku nikitandika vitanda vya wasafiri kule Hounslow, na sasa imetundikwa mapokezi ndani ya fremu ya mninga, mahali ambapo mgeni hawezi kutia saini bila kuiona. Nimehojiwa kazi na watu watano wenye tai kwa mpigo na sikutoka jasho. Lakini siki hunirudisha Edmonton, mtaa wetu wa London. Nina miaka kumi na mmoja, miguu yangu haifiki sakafuni, na nimeshika kalamu.

Mama yangu, Bi Zuwena, alikuwa akifanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao, ile ambayo Waswahili wa London wote tunaiita kea. Baba alipakia mizigo uwanja wa ndege na Jumapili zake zote zilikuwa za zamu, kwa hiyo Jumapili Mama alinichukua kazini. Mzee wake wa Jumapili alikuwa Mister Len, dereva wa basi mstaafu, mjane, aliyepigwa na kiharusi upande wa kulia. Mkono wake ulilala mapajani kama paka, na mara nyingine aliupapasa kwa mkono mzima kama mtu anayembembeleza. Mama alikuwa amemfundisha maamkizi yetu, naye kwa furaha ya kuyajua hakungoja zamu yake. Ukifungua mlango tu, kabla hujatia mguu ndani, unasikia: "Marahaba!"

"Bado sijakuamkia, Mister Len," nilimwambia kila mara.

"Basi harakisha, umechelewa."

Jumapili mchana Mister Len alikuwa na jambo lake moja. Baa ya kona, hatua mia mbili kutoka kwake, iliandaa chemshabongo, mashindano ya maswali na majibu, na yeye na marehemu mkewe Joan walikuwa wakishiriki tangu walipooana. Sasa hakuwa na wa kumsukuma ila Mama. Siku ya kwanza Mama alisita. Alisimama mbele ya mlango ule na kiti cha magurudumu mikononi, akauambia mlango kama vile ndio uliomuuliza, "Nimekuja kazini." Kisha akanigeukia. "Na wewe, ukiulizwa chuoni na mwalimu wako wa Kurani, sema tulikuwa kazini. Tena si uongo."

Ndani alipangusa kiti kwa kitambaa chake mwenyewe kabla ya kukaa, akafungua chupa yake ya chai ya tangawizi. Maureen, mwenye baa, ambaye ndiye pia aliyesoma maswali, alimwona. Alinunua kikombe kipya, akakiweka rafu ya juu peke yake, na kila Jumapili alikileta kwenye sahani kama kwa malkia. Chipsi zililetwa kwenye bakuli, siki ikamwagwa, na mimi nikala nikitikisa miguu kwa sababu sikuweza kukaa kimya wakati swali linakuja. Nilikuwa mtoto wa wasiwasi. Kipaza sauti kikigongwa tu, moyo unaruka.

Kwa sababu hapo, ndugu zangu, ndipo nilipong'ara. Mister Len alijua vita, mipira na njia zote za mabasi. Mimi nilijua Marekani. Skuli tulisomeshwa wafalme waliokata vichwa vya wake zao, lakini Marekani niliisoma kwenye televisheni, Jumamosi nzima, nimelala kifudifudi kwenye zulia. Nani aliigiza nini, nani kaachana na nani, bendera yao ina milia mingapi, jimbo lipi walilinunua kwa Warusi. Watu wazima walikuwa wakigeuka kunitazama. Mkono wa Mister Len hauandiki, Mama Kiingereza chake cha kuandika hakiamini, basi kalamu ikawa yangu. Mister Len akaipa timu jina: Wawili na Nusu. Nilikasirika kuitwa nusu, nikajiapiza nitawaonyesha.

Na kalamu haikuwa kazi yangu ya hapo tu. Watoto wa kwetu mtakumbuka. Hospitali, halmashauri, skuli, benki, nilikuwa mdomo wa Mama. Nilisoma barua kabla hajazifungua vizuri. Daktari akiuliza neno moja, Mama akajibu hadithi nzima kuanzia maumivu ya mama yake, mimi nilikata. "Anaumwa mgongo," nilisema, basi. Mama aliuliza, "Maneno yote yale yamekuwa mawili tu?" Nikamjibu kwamba Kiingereza ni lugha fupi. Nilikata maneno yake kama mtu akatavyo kucha, bila kuuma popote, na nikaanza kuamini kwamba ninachokitupa hakina kazi.

Ikafika Jumapili ya mwisho ya Mister Len. Alhamisi mwanawe angekuja kumchukua akaishi naye kaskazini, karibu na bahari, na nyumba ilikuwa imeshajaa maboksi. Maureen akamwambia ameoka keki ya kumuaga.

"Sitaki keki," akasema Mister Len. "Nataka ubao."

Ubao ulikuwa ukutani karibu na mlango, wa mbao nyeusi, na majina ya washindi yaliandikwa kwa rangi ya dhahabu. Yeye na Joan walishika nafasi ya pili mara nne. Nafasi ya pili haiandikwi. Joan alikuwa akipita hapo anaupiga ubao kofi dogo na kusema, "Tutaonana." Mister Len alitusimulia hilo njiani, Mama akasimamisha kiti katikati ya njia ili asikie vizuri, kisha akaniambia, "Leo usicheze. Leo tumwandikishe jina la mkewe."

Sikucheza. Raundi ya filamu tulikosa swali moja. Raundi ya waimbaji na mastaa hatukukosa hata moja, na nusu ya baa ilipiga makofi. Raundi ya historia ya Marekani Mister Len alijibu vita, mimi nikajibu majimbo. Desturi ya pale ni kubadilishana karatasi kila raundi, meza moja inasahihisha ya mwenzake, na sisi tulibadilishana na meza ya Terry, kundi la watembeza barua wastaafu. Terry alikuwa akinitania.

"Huyu mtoto mnamlisha nini?"

"Chipsi zako," nikamjibu, kwa sababu nilikuwa nimeiba tatu.

Mwisho wa raundi zote Maureen akatangaza. Wawili na Nusu wanawazidi meza ya Terry kwa pointi moja. Limebaki swali la kufungia, la pointi mbili. Mister Len aliushika mkono wake mgonjwa kwa ule mzima. Miguu yangu ilikuwa ikigonga mguu wa meza mpaka Mama akaweka kiganja juu ya goti langu.

Maureen akasoma taratibu. Kabla ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, wafanyabiashara wa Marekani walipeleka nguo za pamba na kununua pembe za ndovu kwenye kisiwa kimoja cha Afrika Mashariki, mpaka serikali yao ikafungua ubalozi mdogo huko. Kisiwa gani?

Mister Len akatikisa kichwa. "Hapo mimi nimefika mwisho wa njia. Afrika ni yenu."

Mama alikuwa ameshanishika mkono wa nguo. "Unguja," akaninong'oneza. "Andika Unguja. Wamarekani walikuwa kwetu. Nyumba yao ipo, nilikuwa nikipita chini yake nikienda skuli. Na bibi yangu foronya zake zote za merikani, nguo yao hiyo hiyo. Andika."

Nataka mnielewe. Kwa Mama kila kitu kiliishia Unguja. Mvua ya Edmonton si kama ya Unguja, vitunguu si kama vya Unguja, hata mwezi aliukuta na kasoro. Skuli, ukutani mwa darasa letu, palikuwa na ramani ya dunia, na Unguja ilikuwa tundu ambalo ungedhani mtu alichoma pini kimakosa. Watoto waliponiuliza natoka wapi na nikawaonyesha, walicheka wakasema hapo hapakai mtu. Chini yake kidogo palikuwa na kisiwa kikubwa, kimepakwa rangi ya machungwa, kina jina refu la kupendeza. Nchi kubwa kama Marekani ifungue ofisi kwenye tundu la pini? Mimi niliyejua Marekani kuliko baa nzima?

"Anasemaje?" akauliza Mister Len.

Niliinuka nikamwinamia sikio. Kwa Kiingereza safi, sauti ya chini, nikasema, "Mama anasema Madagascar."

"Basi Madagascar," akasema Mister Len. "Zuwena ndiye anayejua."

Nikaandika, nikaikunja karatasi. Mama, aliyekuwa anamfungia Mister Len kifungo cha koti, akauliza, "Umeandika?"

"Nimeandika."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

Akatabasamu, akajimiminia chai. Sijawahi kumwona ametulia vile ndani ya baa ile. Aliutazama ubao kama anayechagua pa kutundika picha.

Terry alipofungua karatasi yetu hakunitania. Alimtazama Mister Len, akaiweka mezani polepole. Mmoja wao ujanani alikuwa baharia, aliwahi kutia nanga Unguja, akalijua jibu. Pointi mbili kwao, wakatupita kwa moja. Maureen akasoma jibu kwenye kipaza sauti kama mtu anayeomba radhi.

Mama alilisikia jina la kwao likitajwa, akapiga makofi. Makofi matatu. Kisha akaona hakuna mwingine anayepiga kwenye meza yetu. Mister Len akamgusa Mama mkono. "Usijali, Zuwena. Hata mimi ningesema Madagascar."

Mama alijua Kiingereza cha kutosha kuelewa hilo. Aligeuka akanitazama. Nilikuwa na chipsi mdomoni na sikuweza kuimeza wala kuitema. Niliusubiri mkono wake, au sauti yake ile ya kunitaja jina langu na la baba yangu. Badala yake akamgeukia Mister Len na kwa Kiingereza chake mwenyewe, kilichovunjika kila kiungo, bila kunitazama nimsaidie, akasema, "Samahani, Mister Len. Mimi kosa. Mimi nimesahau nchi yangu."

Mister Len alicheka mpaka akakohoa. "Mtu asahau kisiwa chake! Joan angekupenda." Tulipokuwa tunatoka aliomba asimamishwe mbele ya ubao. Akaupiga kofi dogo kwa mkono mzima. Hakusema tutaonana.

Ndani ya basi Mama alipakata chupa yake ya chai. Nilizungumza mfululizo, juu ya Terry, juu ya skuli, juu ya kitu chochote. Tulipokaribia kushuka akasema, "Jumanne nina miadi halmashauri, ile ya nyumba. Nitakwenda mwenyewe."

"Peke yako? Utasema nini?"

"Nitasema nilichonacho."

Alhamisi nilikwenda na nia ya kumwambia Mister Len ukweli. Gari la mwanawe lilikuwa limeshawashwa. Akashusha kioo, akapaza sauti, "Marahaba!" Nikasema "Shikamoo," na gari likaondoka na sentensi yangu ya pili.

Jumanne ile Mama alirudi na fomu nusu amejaza kimakosa. Alirudi tena, na tena, mara tatu kwa jambo ambalo mimi ningelimaliza kwa dakika kumi. Akajiandikisha darasa la Kiingereza la watu wazima, akawa anasoma barua zake kwa kidole, midomo ikitembea. Hakuniita tena kwa daktari. Hakuniita benki. Nilifurahi sana, nikarudi kwenye zulia na televisheni, nikawatangazia wenzangu skuli kwamba mama yangu ameamua kunipumzisha.

Leo Mama anaishi chumba cha chini, mlango wa pili kutoka mapokezi, na wageni humpenda kuliko wanavyonipenda mimi. Huwaeleza nyumba ile ya ubalozi, na foronya za bibi yake, kwa Kiingereza alichokijenga mwenyewe kama nilivyoijenga nyumba hii. Hadithi yake ni ndefu. Mgeni wa siki alizungusha kichwa akanitafuta, labda nimfupishie. Nikajifanya napanga viti.

Wasifu wangu wa kazi una kurasa nne, na ninaujua kwa moyo. Nimefanya kazi hoteli tano, zote niliacha mwenyewe, kwa barua, kwa heshima. Ndivyo nilivyokuwa nikijisifu mpaka juma lililopita, nilipokuwa nimesimama uani na harufu ile kwenye vidole. Kazi yangu ya kwanza sijaiandika humo. Niliifanya miaka minne, nilikuwa hodari, na Mama aliniachisha ndani ya basi, kwa upole mkubwa kiasi kwamba nilidhani nimepewa likizo.