Bolti Niliyoipaka Rangi

Rangi ya mafuta ina harufu inayopanda kichwani, na likizo ile nyumba yetu ya Kiseke ilinuka rangi hiyo kuanzia sebuleni hadi kwenye nguo za kanisani. Baba alikuwa anaipamba pikapu yake. Mtu wa Bukoba yule, Mhaya wa kujivuna, kitu chake kisipong'aa halali! Kila Jumatatu aliondoka kabla ya jua kufuata mchele Magu, kwa hiyo bila taa za mbele hakuwa na safari. Ijumaa ya wiki ile Masanja, fundi umeme wa magari wa mtaani kwetu, alizifungia waya mpya, zikawaka hadi kuku wakashangaa. Jumamosi, baba alipokwenda kwenye kikao cha harusi, mimi, binti wa darasa la tano mwenye kiherehere, nikachukua rangi iliyobaki nikafungua boneti. Nilitaka arudi akute hata ndani kunapendeza. Bolti moja ya pembeni, iliyoshika waya mweusi, ilikuwa imeanza kupata kutu. Niliifungua kabisa kwa spana, nikapaka bolti, nikapaka na pale inapokaa, ikakauka, nikairudisha. Kazi safi, jamani. Baba alinisifu mbele ya wageni, nikavimba kichwa.

Jumatatu taa zilikuwa hafifu kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Baba alirudi ndani akifoka kwamba Masanja amefunga waya mbovu. Kulipokucha akaenda gereji, nami nyuma yake, na hata salamu hakutoa. "Wewe si fundi, ni tapeli," alimwambia mbele ya madereva wenzake. "Na Mwanza nzima itajua." Madereva wale ndio wateja waliomweka Masanja mjini. Wawili wakatazamana, na mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake akafunga boneti ya gari lake taratibu. Nilimhurumia fundi wa watu. Yeye alisema tu, "Mzee, nipe nusu saa. Ukiona kosa ni langu, nitangaze hata redioni."

Akachukua taa yake ya kupimia akaanza, bila haraka wala hasira. Globu nzima. Fyuzi nzima. Umeme kwenye soketi ya taa upo, tena wa kutosha. "Basi unafika," akasema, "ila haupati njia nzuri ya kurudi." Akaunganisha kipande cha waya moja kwa moja kutoka kwenye taa hadi upande hasi wa betri. Lo! Taa zote mbili zikawaka mchana kweupe hadi tukafumba macho. Akaufuata ule waya mweusi mpaka kwenye bolti yangu, akaifungua, akakwangua kwa kisu. Rangi, tabaka zima, katikati ya waya na chuma, na rangi haipitishi umeme. "Nani kapaka hapa?" Baba alinitazama. Nikasema, "Mimi," kilio kikanitoka. Masanja hakunigombeza, alinipa msasa nikwangue mwenyewe mpaka chuma kikaonekana. Ndipo baba, ambaye sikuwahi kumsikia akimwomba radhi hata mama, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Masanja, nimekosea. Nimekuvunjia heshima mbele za watu, na mbele yao naomba unisamehe." Kisha Masanja akageukia madereva: "Jamani, anueni nguo! Mhaya kaomba radhi, leo itanyesha mvua ya mawe!" Kila mtu aliangua kicheko, baba akiwa wa kwanza, na yule dereva akafungua tena boneti yake. Sijui kama nimewahi kufurahi vile.

Siku hizi gari langu linapimwa kwa kompyuta. Kijana anachomeka waya, anasoma kioo, anabadilisha taa nzima, na kwaheri. Sina ugomvi na maendeleo, nafika kazini mapema. Lakini kuna mambo hayana mashine. Mwezi uliopita nilimshutumu karani wetu mbele ya ofisi nzima kwamba kapoteza faili, na jioni nikalikuta kwenye mkoba wangu mwenyewe. Ningeweza kulirudisha kabatini kimya kimya, nani angejua? Asubuhi nilisimama kwenye kikao, mbele ya watu wale wale, nikasema nimekosea. Nilisema nimeshika meza kwa mikono miwili. Baba, siku ile ya gereji, hakushika kitu.