Mongina Yuko Kazini

Katika shamba lile la chai, juu kidogo ya Kericho, mwanamke akikaribia kujifungua haombi likizo tu. Anatafuta na mtu wa kumshikia namba yake ya kazi. Namba ikilala, wanasema, inachukuliwa. Basi Mongina alimwachia jirani yake Mellen kikapu na namba, achune kwa jina lake mpaka atakaporudi. Nyapara Noah alikubali kwa moyo mweupe, maana moyo wa Noah huwa mweupe akishaletewa jogoo.

Mongina akajifungua mvulana, Bosire, mzito kama malenge. Likizo ilipokwisha, alimfunga mgongoni akarudi shambani. Noah alimtazama kama mtu aliyepotea njia.

"Mama, unatafuta nani?"

"Nimerudi kazini, mzee."

"Kazi gani? Mongina si huyu hapa?" Akamwonyesha Mellen, aliyekuwa anachuna bila kuinua kichwa. "Na siku hizi ana bidii. Zamani alikuwa mzembe kidogo."

Mongina alikuwa amesikia kwamba kuna nchi ambako mtu akipoteza kazi, serikali humlisha mpaka apate nyingine. Akashuka mjini, ofisi ya kazi, kuuliza kama na hapa kuna kitu kama hicho. Karani alicheka mpaka akavua miwani.

"Mama, hapa kulipwa bila kufanya kazi kuna wenyewe, na nafasi zao zimejaa."

Lakini hakuwa mtu mbaya. Alisema kama kweli amefutwa kazi akiwa kwenye uzazi, haki zake ziko. Akapiga simu shambani, akasikiliza, akaitika mara kadhaa, akaweka simu chini polepole.

"Wanasema Mongina hajafutwa. Jana alishinda wote kwenye mizani. Hata likizo hajaenda."

"Mongina ni mimi."

"Basi hongera," karani akasema. "Una kazi. Nenda ukafanye."

Aliporudi kwenye chumba chake kambini alimkuta Mellen mlangoni na godoro lake.

"Dada, usinichukie," Mellen akasema. "Nyapara anasema chumba ni cha mwenye namba."

Mongina alimpita. Aliingia, akafunga mlango, akafikiri.

Kesho yake, saa ya kupima majani, wanawake walikuwa wamepanga foleni na vikapu vyao. Karani wa mizani akaita, "Mongina!" Mellen akasogea. Mongina naye akasogea, akafungua leso, akampakatisha Mellen yule mtoto.

"Huyu ni wa Mongina," akasema. "Ana njaa."

Bosire alitafuta titi kwenye sweta la Mellen, akalikosa, akaangua kilio kilichofika mpaka kiwandani. Foleni nzima ikageuka. Kisha mmoja akasema, "Mnyonyeshe basi, Mongina. Ama bidii imekausha maziwa?"

"Muulizeni nyapara," mwingine akadakia. "Yeye ndiye anajua Mongina ni nani. Labda hata maziwa anayo."

Kicheko kikashuka na foleni mpaka mwisho. Mellen akamtazama Noah amsaidie. Noah alikuwa anachunguza mawingu, kama mtu aliyeajiriwa kuyahesabu. Mellen akatua kikapu, akamrudisha mtoto kwa mamake, akaondoka akipangusa sweta.

Mongina akakaa chini kando ya kikapu, akamnyonyesha mwanawe pale pale.

"Mongina!" karani wa mizani akaita tena, safari hii kwa adabu.

"Niko," akasema. "Ngoja amalize."