Kichwa cha Sangara

Mama yangu, Dorotea, anashona nguo mtaani Mwisenge, na kila Jumamosi jioni ananunua kichwa kimoja cha samaki sangara. Minofu haijawahi kuingia jikoni kwake. Jambo hilo limenikera miaka mingi. Kubana matumizi nakuelewa, lakini niliona amezidi. Kichwa nilikiona chakula cha mtu aliyeshindwa.

Jumamosi iliyopita nilitoka Bunda kumtembelea, nikapitia sokoni nikanunua kilo mbili za minofu. Nikaipika mwenyewe kwa nyanya na vitunguu, tukala na ugali. Ilikuwa mitamu, mama hakukataa. Baada ya dakika kumi sahani zilikuwa tupu, nami nimeshika simu yangu. Mama akatazama mlangoni.

"Mama Boke hajaja," akasema.

Mama Boke ni jirani yake. Kumbe kila Jumamosi huja wakichambue kichwa hicho pamoja: shavu wewe, jicho mimi, mifupa inafyonzwa mmoja mmoja, na habari za wiki nzima zinatoka taratibu. Siku hiyo aliniona nikipita na minofu, akajua hapa kuna mgeni wa heshima, akabaki kwake.

Nikapandisha sauti kidogo. "Lakini mama, si nimekuletea chakula kizuri?"

"Kizuri kabisa, mwanangu," akajibu akikusanya sahani. "Ila ulivyokuwa mdogo tulikuwaga tunakula kichwa, na ulikuwaga unanisimulia kila kitu."