Kinyozi Aliyejua Sababu za Wote

Wiki ya pili sasa mashine ya kunyolea haijanguruma, na mtaa umekosa wa kuusomea nia zake. Kinyozi alijua sababu ya kila kichwa: huyu kanyoa ndevu kwa kuwa kapata mchumba, yule kapaka mvi rangi kwa kuogopa kustaafu. Lakini nyani haoni kundule. Mkewe alipomuuliza mbona haendi kumwona mama yake hospitalini, alisingizia wateja, mvua, hata viatu.

"Baba watoto, acha porojo! Mama anakuulizia kila siku, na wewe unaogopa kumwona akifa."

Kinyozi hakutafuta sababu ya nne; alizima mashine, akafunga kinyozini.

Sasa yuko wodini, anamkata mama yake kucha.