Raita ya DVD na Sauti ya Bibi Yako

Ipo siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu: siku niliyompeleka bibi yako Kilindoni akajisikilize mwenyewe.

Umeniuliza juzi kwa nini mimi na mjomba wako Athumani tunasalimiana tu, kisha kila mtu anaangalia pake. Sikukujibu, kwa sababu wageni walikuwa bado wamekaa. Leo nakujibu, na ukitoka hapa utakuwa na kitu cha kujifunza, si umbea wa kubeba.

Bibi yako ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo za harusi hapa Kiegeani. Wewe hukumwahi. Alikuwa na sauti nzito kidogo, yenye mkwaruzo, na akianza tu, wanawake waliokuwa jikoni waliacha vyungu wakatoka. Kisha kiharusi kikampata. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakampotea kabisa. Akili ilibaki timamu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, maana alijua kila alichokikosa.

Kabla ya ugonjwa, binamu yetu mmoja alikuja na kamera akamrekodi katika harusi. Ile video akaihamishia kwenye kompyuta ya Athumani, mwenye duka Kilindoni, halafu mkanda wa kamera akaurekodia mambo mengine. Kwa hiyo sauti ya mama ilikuwa mahali pamoja tu duniani, ndani ya ile kompyuta iliyokaa sebuleni kwa kaka yangu.

Siku ile tulimkalisha mbele ya skrini, tukamwegemeza kwa mito. Alipojiona, akakaza macho kwenye skrini. Wimbo ulipokolea, mkono wa kushoto ukaanza kupiga paja, kwa mapigo yaleyale, bila kukosea. Machozi yakamtoka na huku anacheka. Tangu hapo kila Ijumaa nilimtafutia gari nikampeleka. Wiki nzima aliishi akiisubiri Ijumaa.

Kisha kompyuta ikaanza kugonga kwa ndani, tik, tik, kama saa mbovu. Jirani na Athumani alikuwepo mwalimu wa kompyuta, Mwalimu Joseph, mtu wa Mbeya aliyepangiwa sekondari. Nikamwomba aje asikilize. Akafungua kasha, akainama.

"Dada Mwanaidi," akaniambia, "diski inayohifadhi vitu inachoka. Inaweza kukaa mwaka, inaweza kufa kesho. Hiyo video ichomeni kwenye DVD mapema."

"Hii haichomi?"

"Hii inasoma tu. Mnatakiwa kununua raita, kifaa cha kuchomea DVD." Akanionyesha waya mpana, bapa, uliounganisha vitu mle ndani. "Raita za kufunga ndani sasa zinakuja na waya mwingine, mwembamba. Kompyuta hii haina pa kuuchomeka. Nunueni ya nje, ya kuchomeka USB. Hiyo haitawasumbua."

Flashi za wakati ule zilikuwa ndogo, video isingeenea. Nikamwuliza mara mbili, nikamrudishia maneno yake mwenyewe mpaka akatikisa kichwa kukubali. Ya nje, ya USB. Mtu hahitaji kusoma sana kulishika hilo.

Nilitaka kwenda Dar mwenyewe. Fedha nilikuwa nazo, za mwani wangu. Athumani akakataa. Alikuwa anakwenda kuchukua mzigo wa duka, akasema haina haja watu wawili kupanda boti kwa kitu kimoja.

"Basi kaka, nunua ya nje. Ya USB. Mwalimu amesema ya ndani haitaingia."

"Mwanaidi, mimi nanunua vitu Kariakoo tangu wewe unacheza baba na mama. Utanifundisha leo?"

"Sikufundishi. Nakukumbusha."

"Nimesikia."

Alirudi na ya ndani. Mpya, nyeusi, inang'aa, kwenye boksi zuri. Muuzaji alikuwa amemwambia ndiyo ya kisasa na ndiyo yenye kasi, tena za nje ni za watu wasiojua kufungua kompyuta. Neno hilo lilimkaa mjomba wako vizuri. Akafungua kasha mbele yetu, na mama amekaa kwenye kiti chake anatazama, maana ilikuwa Ijumaa. Akaupeleka ule waya mpana huku na huku. Haukuingia. Akaugeuza, akausukuma. Jasho likamtoka.

"Ngoja nimwite Mwalimu Joseph," nikasema.

"Usimwite mtu."

"Basi tuirudishe. Boti inakwenda kesho, tumpe mtu aibadilishe."

"Nimesema nitairudisha mwenyewe safari ijayo. Nikimpa mtu, pale dukani wataniona sijui nilichonunua."

Hayo ndiyo maneno yake, mwanangu, sikuongeza wala sikupunguza. Hakutaka muuzaji wa Kariakoo, mtu asiyemjua hata jina, amwone hajui. Boksi likawekwa juu ya kabati. Safari ijayo ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Na kompyuta yenyewe haikupumzishwa: jioni marafiki zake walikuja kutazama filamu za mapigano, na ile tik, tik inazidi. Nilimsihi aizime, itumike kwa Ijumaa tu. Akaniambia nyumba ni yake.

Ijumaa moja tukafika, akabonyeza, skrini ikabaki nyeusi yenye maandishi meupe. Sasa ndipo Mwalimu Joseph akaitwa. Alihangaika mpaka adhuhuri, akaja kukaa karibu yangu, akasema polepole, "Pole, dada. Imekufa."

Athumani akamgeukia mama akasema, "Mama, imeharibika kidogo, Ijumaa ijayo itakuwa tayari."

Mama akanitazama mimi. Alikuwa hawezi kuuliza, lakini alikuwa anauliza. Nikapiga magoti nikamwambia kweli. Akamwangalia Athumani kwa muda mrefu, kisha kwa ule mkono mmoja akavuta khanga akajifunika uso. Hakutaka tena kupelekwa katika nyumba ile. Alikufa kabla mvua za mwaka ule hazijaanza, na mpaka tunamzika, mjomba wako alikuwa akiwaambia watu kwamba mwalimu yule ndiye aliyeiharibu kompyuta alipoifungua.

Hajaniomba radhi. Akija hapa namwamkia, kwa kuwa ni mkubwa wangu, na napika. Lakini ukiniuliza kama nimesamehe, nitakuambia bado, na sijui kama nitawahi. Wewe umeniomba mara nyingi nikuimbie wimbo wa bibi yako. Maneno ninayo. Sauti sina, na ya kwake haipo tena nikusikilizishe.

Basi mwanangu, shika haya. Unapotaka kununua kitu, kitazame kwanza kile ulichonacho nyumbani, ujue kinakubali nini. Muuzaji anakijua cha dukani kwake, cha kwako hakijui. Usipojua, sema sijui, mbele ya yeyote. Aibu yake ni ya muda mfupi sana. Ukishakosea, rudisha kitu kesho yake, usikiweke juu ya kabati mpaka heshima yako ipone. Na kitu usichoweza kukipata tena, usikiache kikae mahali pamoja tu.

La mwisho ni lako wewe, binti. Siku ukiwa unajua na mkubwa wako hajui, mpe heshima yote, mwamkie, mpishe kiti, lakini safari yako usimpe. Panda boti mwenyewe.

Mungu akupe moyo wa kuuliza na ulimi wa kukiri. Akuhifadhie unaowapenda, na sauti zao akuachie masikioni mpaka uzee wako.